Hamira Tambarare, Hamira Mlimani

Ndugu wasikilizaji, jambo nililokusudia kuzungumza nanyi jioni hii ni dogo kwa kulitazama, wala halikusomwa katika taarifa ya habari mliyoisikia sasa hivi, na pengine wako watakaosema kwamba mtu mwenye mvi kama mimi angalitafuta hadithi nyingine ya kuwapelekea watu majumbani mwao saa hizi za kupumzika. Walakini mimi nimekula chapati za maji kwa muda wa miaka mingi, za Tanga na za Same na za huko juu milimani Upare, nzuri na mbaya, na katika hizo mbaya nyingi nilizipika kwa mikono yangu mwenyewe, basi naona haifai nife na ushahidi huu moyoni.

Chapati ya maji ninayoikusudia si ile nyembamba kama leso, ikunjwayo mara nne na kusindikizwa na chai ya rangi, ingawa nayo ina heshima yake. Naikusudia ile iliyoumuka, nene kama kidole cha shahada, laini kiasi cha kwamba ukiibonyeza hurudi mahali pake polepole kama godoro la sufi, na ukiipasua waona ndani yake vitundu vitundu kama sega la asali. Vijana wa mjini huiita pankeki, na kwa kuwa wameiona katika simu zao imepangwa tabaka juu ya tabaka na kumiminiwa kitu cha rangi ya kahawia, wamekata shauri kwamba ilizaliwa Marekani na kwetu imefika juzi ndani ya paketi. Hilo mimi silikubali. Watu wa mwambao walikuwa wakiumua mchele uliosagwa na kuumimina kaangoni zamani sana, na majina yenyewe ndiyo mashahidi: vibibi, vitumbua, mkate wa kumimina, mkate wa sinia, na ukivuka bahari mpaka Yemeni utawakuta na lahoh yao, ambayo Wasomali pia wanayo, na ukipanda kwa Wahabeshi utakuta injera, ambayo unga wake wa tefu huachwa uchache siku mbili tatu kabla haujaonja moto. Huu ni ukoo mmoja mkubwa, na hiyo pankeki ya kwenye simu ni binamu aliyekwenda kuishi mbali akarudi amevaa suti.

Mimi vibibi nilivijulia kwa bibi yangu Tanga, na jina hilo lilitufanya sisi wajukuu tucheke kila alfajiri, kwa sababu aliyekuwa akivipika alikuwa kibibi kweli, mfupi, na akikaa juu ya kibao cha mbuzi karibu na jiko huwezi kusema yupi anafura zaidi, yeye ama anachokipika. Taratibu yake ilikuwa hii, nanyi mnaopenda kuandika chukueni kalamu. Usiku huroweka vikombe viwili vya mchele. Asubuhi huumwaga maji, akausaga pamoja na tui zito kadiri ya kikombe kimoja na nusu mpaka ukidondosha tone baina ya vidole viwili usisikie chenga hata moja. Akatia sukari nusu kikombe au kuzidi kidogo, iliki iliyotwangwa, na hamira kijiko kidogo kimoja. Kisha hufunika kwa kawa, akaenda zake kufanya mambo mengine. Alikuwa hafunui. Sisi watoto tulikuwa tukifunua, tukachungulia, tukatia kidole, tukapigwa.

Basi mwaka ambao serikali ilinipeleka Same kufundisha, nilichukua katika sanduku langu vitu vichache, na miongoni mwavyo yalikuwa maarifa haya ya bibi, ambayo niliyadhani ni kama jedwali la hesabu, kwamba mbili mara mbili huwa nne popote uendapo. Nilikuwa mjinga.

Same, kwa wasiopata kufika, ni mji ulioketi mguuni pa milima ya Upare ya kusini, upande wa machweo, penye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911 inapita hapo hapo. Mvua itokayo baharini huja imebeba maji yake, ikajigonga na milima kwa upande wa mashariki na kuyamwaga huko, hata ikivuka na kushuka kwetu huwa haina tena cha kutoa ila upepo na vumbi. Kwa hiyo juu ya kichwa chako waona misitu ya kijani na ukungu, na chini ya nyayo zako mna miiba na udongo mwekundu. Watu wa pwani walipajua Upare kabla ya reli, maana misafara iliyopanda kwa njia ya bonde la Pangani ilikuwa ikituama Gonja na Kisiwani kununua chakula, na huenda mpishi mmoja wa misafara hiyo ndiye aliyemimina kibibi cha kwanza katika ardhi ya Wapare. Hilo nimelitunga tu, msilipeleke shuleni.

Mwezi wa Januari, basi, joto la Same likiwa linakata, nilisaga mchele wangu jioni nikatia hamira kwa kipimo cha bibi, kijiko kile kile, nikafunika nikalala. Usiku wa manane nilisikia sauti ya kitu kinachodondoka juu ya sakafu, tap, tap, nikadhani ni paka. Nilipowasha taa nilikuta kawa imeinuliwa kama kofia juu ya kichwa cha mtu mwenye nywele nyingi, na mchele umemwagika ubavuni mwa sufuria mpaka chini, na sisimizi wa mtaa mzima wamekwisha kupata habari. Kilichobaki nilikipika asubuhi. Kilikuwa kichungu cha kuchacha, kikapanda kidogo kaangoni kisha kikanywea kama mtu aliyekumbuka deni.

Miaka miwili baadaye nilihamishiwa milimani, pande za Suji, na huko, kwa kuwa nilikwisha kupata somo la Same, nilipunguza hamira nikaacha nusu kijiko. Ilikuwa mwezi wa Julai. Wale waliokulia huko wanajua Julai ya milimani ni kitu gani, namna ukungu unavyoshuka saa kumi alasiri ukaingia nyumbani bila ya hodi. Niliamka alfajiri nikafunua: mchele umelala chini, maji yamekaa juu, na hakuna hata povu moja. Nilingoja mpaka saa tatu, nikangoja mpaka saa nne, nikaenda kufundisha na njaa yangu.

Mama wa nyumba ya jirani, mtu mzima mwenye adabu nyingi na maneno machache, alinisikia nikilalamika ukutani akaja na kusimama mlangoni. Akauliza, "Mwalimu, umeulaza wapi?" Nikamwambia, "Mezani, mama." Akatazama ile meza, akatazama lile dirisha lililo wazi juu yake, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto mchanga amelazwa nje. Akaichukua sufuria yangu bila ya kuniomba ruhusa, akaifunga kwa kanga yake ya zamani, akaenda nayo jikoni kwake akaiweka karibu na mafiga, mahali ambapo jivu lilikuwa na uvuguvugu lakini moto ulikwisha kuzimika. Baada ya adhuhuri alinirudishia, na mchele wangu ulikuwa umeinuka mpaka nusu ya sufuria ukiwa na uso wa mapovu madogo madogo. Akaniambia neno ambalo limebaki nami hata leo, kwamba unga ni kama ndiva, mwalimu; hujazwa usiku, polepole, na mtu hasimami juu yake.

Ndiva, enyi msioijua, ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare walilijenga tangu kale kwenye miteremko yao, ili maji ya kijito yakusanyike usiku kucha watu wakiwa wamelala, na asubuhi yafunguliwe yateremke kwa mfereji mpaka mashambani kwa zamu iliyopangwa. Kijito chenyewe chaweza kuwa chembamba kama mkono wa mtoto, na ukikiachilia kipite mchana kitanyonywa na ardhi kabla hakijafika kwenye mhindi wa kwanza. Walakini ukikizuia na kuupa usiku ufanye kazi, asubuhi wamwagilia konde zima. Nami baadaye niliposoma habari za hamira katika vitabu, niliona kwamba mama yule asiyesoma kitabu hata kimoja juu ya jambo hili alikuwa amelishika kwenye shina lake.

Kwani hamira ni nini? Ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa jicho, ambavyo Louis Pasteur wa Ufaransa, katikati ya karne ya 19, ndiye aliyewathibitishia wataalamu kwamba vi hai na kwamba kuchacha ni kazi ya uhai wao; ingawa Wapare waliokuwa wakitengeneza dengelua, ile pombe yao ya miwa, walikuwa wakivifanyisha kazi hiyo bila ya kungoja uthibitisho wa mtu. Viumbe hivi hula sukari na kutoa hewa, ile ile tuitoayo sisi puani. Vikipata joto kama la mwili wa binadamu, au chini yake kidogo, huchangamka. Vikipata baridi husinzia, lakini havifi. Vikitiwa katika tui linalochemka hufa mara moja, na hapo hata ungekesha ukivisomea dua havifufuki. Basi kijiko kimoja cha hamira hakina maana yoyote mpaka umesema ni kijiko cha wapi na cha mwezi gani. Kipimo cha bibi yangu kilikuwa kweli tupu kwa Tanga, kwa alfajiri ya Tanga, kwa jiko la Tanga. Same kilikuwa kingi, na Suji mimi nilikipunguza pasipostahili kupunguzwa, kwa kuwa nilijifunza jibu la Same nikadhani nimejifunza swali.

Ipo na hila nyingine ya mlima. Hewa iliyotuzunguka ina uzito, na kadiri upandavyo uzito huo hupungua, kwa sababu iliyobaki juu yako ni kidogo. Kule kileleni Shengena, katika milima hiyo hiyo ya Upare, mita 2,462 juu ya bahari, umepungua kwa kadiri ya robo. Athari zake ni mbili. Ya kwanza, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, joto la kuchemka likishuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, ndiyo sababu makande ya milimani hukaa motoni mpaka mpishi akasahau alichokibandika, na ndiyo sababu mojawapo ya akina mama wa huko kutia magadi ili maharage yakubali kulainika. Ya pili, povu lililo ndani ya unga hupata nafasi ya kutanuka zaidi, kwa kuwa kinacholibana ni chepesi. Hutanuka haraka, kuta zake zikawa nyembamba, likapasuka kabla unga haujaiva na kushikana. Kwa hiyo mlimani unga ukiisha kupata joto na kuamka, usiuache ufure mpaka mwisho wa nguvu zake kama ufanyavyo pwani. Uuchukue ungali una hamu.

Sasa nije kwenye ngano, kwa maana najua wengi wenu hamna mchele wa kusaga wala nazi ya kukuna, ingawa watu wa Same hawana udhuru mkubwa katika mchele, kwani chini ya milima ile ile, upande wa mashariki, ndiko kuliko na mashamba ya umwagiliaji ya Ndungu yaliyokamilishwa mwaka 1990 kwa msaada wa Wajapani, na mchele wake waletwa sokoni.

Mama yule jirani hakuwa mtu wa vibibi. Yeye alikuwa mtu wa chapati za ngano zilizoumuliwa, na siri yake ilikuwa kibuyu cha maziwa mgando. Mara ya kwanza alipozipika mbele yangu nilitazama kwa jicho la mwizi: unga, mgando, yai, chumvi, sukari kidogo, na mwisho kabisa, alipokwisha kuweka kaango motoni, magadi kidogo sana yaliyosagwa, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Unga ulifura pale pale kama mtu aliyetukanwa. Nikaenda kwangu nikafanya vivyo hivyo, isipokuwa kwamba sikuwa na mgando nikatia maziwa mabichi, na kwa kuwa sikuona unga ukifura niliongeza magadi, nikaongeza tena. Chapati zilitoka na rangi ya manjano kama mtu mwenye homa ya ini, nzito, zenye ladha ya sabuni ya kufulia. Nilimpelekea sahani moja kwa uungwana. Alionja kipande, akanishukuru, akasema watoto watakula wakirudi. Na jioni nikiwa napita nyuma ya zizi lake nilimwona ndama anatafuna kitu cha rangi ya manjano, nikageuza uso.

Aliponiona nimekata tamaa ndipo alipofumbua: magadi peke yake hayafanyi kitu, yanataka uchachu wa kugombana nao. Na hiyo ndiyo elimu yenyewe, wala kemia ya vyuoni haisemi zaidi ya hapo ila kwa majina marefu: magadi yakikutana na uchachu wa mgando, au wa ndimu, hutoka hewa ile ile itolewayo na hamira, lakini kwa dakika, si kwa usiku, na magadi yaliyokosa mwenziwe hubaki vile vile yakaharibu rangi na ladha. Mwaka 1843 mwanakemia mmoja wa mji wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Alfred Bird, ambaye mkewe alikuwa akidhurika kwa kula hamira, alifikiri vizuri zaidi, akachanganya magadi makavu na uchachu mkavu katika chombo kimoja, ili vikae pamoja kimya mpaka vitakapotiwa maji. Na huo ndio unga wa kuumulia ambao dukani tunauita bekingi pauda. Mwaka 1891 August Oetker wa Bielefeld, Ujerumani, akaanza kuupima kwenye vipaketi, kila kimoja kwa nusu kilo ya ngano. Kwa hiyo kile kikopo mnachokitazama kwa heshima ni mapenzi ya mume kwa mkewe, na ni kibuyu cha mgando na magadi ya mama wa Suji, vilivyokaushwa.

Mwenye kikopo, basi, na achukue vikombe viwili vya unga wa ngano, atie vijiko vidogo viwili vya pauda hiyo kama yuko Same, na kimoja na nusu kama yuko milimani, Mbaga au Chome. Chumvi nusu kijiko. Sukari vijiko viwili vya chakula. Avichunge pamoja vikiwa vikavu. Katika bakuli lingine apige mayai mawili na maziwa kikombe kimoja na nusu na samli iliyoyeyushwa vijiko viwili, na kama anapenda, akwaruzie humo tangawizi mbichi ya Mamba Miamba, ambayo Wilaya ya Same yajivunia kuliko vitu vyote, na kiwanda cha kuisindika kiko huko huko mlimani. Tangawizi hiyo ni kali, mnuko wake wafika kabla ya mbebaji, kwa hiyo mkono uwe na haya. Kisha amimine majimaji juu ya makavu, akoroge.

Na hapa ndipo penye maafa. Mimi nimechungulia majiko mengi, na nawaambieni kwamba chapati nyingi zinazotoka ngumu kama soli hazikuharibiwa na unga mbaya wala moto, zimeharibiwa na bidii. Sisi tumelelewa kuona kwamba kazi njema ni ile yenye jasho; binti akikoroga uji huambiwa koroga vizuri usifanye madonge, akisonga ugali husimamiwa mpaka mkono umuume, na chapati za kusukuma hukandwa mpaka unga uwe kama sikio la mtoto, na yote hayo ni haki mahali pake. Lakini ngano ina asili ya ajabu, kwamba ndani yake mna kitu ambacho kikilowa na kukorogwa hujisuka nyuzi nyuzi zenye kuvutika kama mpira, na kadiri unavyokoroga ndivyo nyuzi zinavyoshikana. Nyuzi hizo ndizo tunazozitaka katika chapati ya kusukuma, na ndizo adui wa chapati ya kuumuka, kwa sababu povu haliwezi kutanuka ndani ya kamba. Kwa hiyo koroga kwa mwiko mara kumi, kumi na mbili, mpaka usione tena unga mkavu, kisha weka mwiko chini. Madonge yatabaki. Yaache yabaki! Najua roho inauma, najua mama mkwe yuko nyuma yako anatazama. Yaache, yatajilainisha yenyewe ndani ya dakika kumi ambazo nawe utakuwa unawasha moto.

Mchele hauna nyuzi hizo, ndiyo sababu bibi yangu aliweza kuusaga atakavyo wala usikasirike; lakini mchele nao una sharti lake, kwamba kwa kuwa hauna nyuzi za kulishika povu, hulishika kwa uzito wake tu. Ukiwa mwepesi kama maziwa, mapovu yatapanda juu na kwenda zao. Ukiwa mzito kama ugali, hayatapata njia ya kuzaliwa. Bibi alikuwa akiupima kwa kuinua upawa na kuuachia, na kama ulianguka kama utepe usiokatika, ukakaa juu ya uso wa mwenziwe muda wa kusema bismillahi kisha ukazama, alikuwa radhi.

Moto wataka maneno machache. Kaango liwe zito, na mkaa uwe umekwisha kushika jivu jeupe. Jiko la gesi lipunguzwe mpaka uone kwamba umelidhulumu. Nyunyiza matone ya maji: yakilala na kuchemka polepole, ngoja, yakikimbia na kucheza kama gololi, paka samli kwa kipande cha kitambaa, kidogo tu, kwa maana chapati ya kuumuka haielei katika mafuta. Mimina upawa mmoja mahali pamoja, usiutandaze kwa mgongo wa upawa kama ufanyavyo zile nyembamba, uache ujitafutie mipaka. Utaona mapovu yanachomoza, usiguse. Yatapasuka, ya mwanzo yakipasuka na tundu likajifumba, bado. Yatakapopasuka na tundu likabaki wazi, na ukingo ukapoteza ule ung'avu wa ubichi, hapo geuza, mara moja, wala usiibonyeze kwa mwiko. Kwa nini watu huibonyeza? Sijapata kuelezwa. Mtu amekesha usiku kucha, amefunga sufuria kwa kanga, amezuia watoto wasifunue, povu limekubali kukaa, kisha dakika ya mwisho anachukua mwiko na kulitoa lote kwa mkono wake, na sauti ya pssss aisikia, na anatabasamu akidhani ni sauti ya kuiva.

Kibibi, kwa upande wake, hakigeuzwi ovyo. Hufunikwa kwa mfuniko, kikaiva juu kwa mvuke wake chenyewe, na zile tundu za uso wake ndizo zitakazonywa tui utakalokimiminia ukikiandaa. Na chapati ya kwanza, iwe ya ngano au ya mchele, itaharibika. Hiyo ni ada ya kaango, na kwetu ilikuwa haki ya mtoto aliyeamka mapema kuchota maji, kwa hiyo palikuwa na mashindano ya kuamka mapema kwa ajili ya kitu kilichoharibika.

Za kuliwa na nini? Pwani ni tui, au maharage ya nazi kwa aliye na njaa ya kweli. Milimani ni asali, na ndizi mbivu zilizopondwa. Pale Suji nyumba nyingi ni za Waadventista, ambao umishonari wao ulianza Upare mwaka 1903, na hao hawanywi chai ya majani wala kahawa; basi kwa mama jirani chapati zile zilikuja na birika la mchaichai uliokatwa uani wakati huo huo, umetiwa maziwa, na mimi niliyelelewa kwa kahawa ya kibarazani nilianza kwa kunywa kwa adabu nikaishia kwa kuomba kikombe cha tatu. Same, stendi, nimeziona zikiuzwa alfajiri kwa wasafiri wa mabasi, zimefunikwa kwa kitambaa ndani ya beseni, na muuzaji huinua pembe moja tu ya kitambaa, akatoa moja, akafunika tena upesi ili ule upepo wa Same usizikaushe.

Naona mwenzangu wa upande wa pili wa kioo ananionyesha saa. Kesho ni Jumamosi, watoto wako nyumbani. Mlio Same na tambarare zote za Makanya na Hedaru, msitie hamira usiku huu, rowekeni mchele peke yake, hamira ingojee saa kumi na moja alfajiri. Nanyi wa Suji, Chome, Mbaga, Vudee, sageni sasa hivi kabla hamjalala, mtie kijiko kizima, mfunge sufuria kwa kanga, na muitafutie mahali karibu na mafiga, penye jivu ambalo mkono waweza kukaa juu yake bila ya kuungua. Mfunike. Na yule anayekwenda kufunua, namwona.